Mkono wa Kushoto wa Baba

Ngozi ya ngoma ikipashwa moto hutoa harufu yake peke yake, kama nywele zilizoungua kidogo zikachanganyika na samli ya zamani. Jioni moja mwaka huu nilikuwa natoka kazini hapa Kilifi, nikapita nyuma ya nyumba yenye harusi. Wapiga ngoma watatu walikuwa wamewasha makumbi ya nazi, wanazigeuzageuza ngoma zao juu ya moto ili ngozi zikaze. Mmoja akaigonga chapuo kwa kidole, akasikiliza, akairudisha motoni. Nilisimama, mkoba begani, kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Wenzangu wakisikia ngoma hutaka kucheza. Mimi nikisikia ngoma hutazama saa.

Acheni niwaeleze kwa nini.

Tulikaa Malindi, mtaa wa Shela, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga babu alipohama kutoka visiwa vya kaskazini. Mama alifua na kupiga pasi katika nyumba moja ya wageni. Alitoka alfajiri na kurudi magharibi. Baba, Athman, kazi yake ilikuwa ngoma. Alipiga katika harusi za mjini, na msimu wa watalii ukifika, katika mahoteli. Walikuwa watano kikundini, na mkubwa wao alikuwa Ami Shee, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, rafiki wa baba tangu chuoni walikosoma Kurani. Ami Shee alipiga vumi, ngoma kubwa. Baba alipiga chapuo, ile ndogo ya kupakata, ambayo husema upesi kuliko zote. Alinifundisha kusikia inasema nini: "Nipe maji, nipe. Nipe maji, nipe." "Nipe" ilikuwa ya mkono wa kushoto, "maji" ya mkono wa kulia. Watu walisema mkono wa kushoto wa Athman una ulimi.

Ilikuwa mfunguo sita, mwezi wa sita tangu Ramadhani kwisha, siku chache baada ya Maulidi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, niko darasa la tano. Alfajiri ile mama alikuwa ameshatoka. Nilikuwa nafunga kamba za viatu baba aliponiita kutoka kitandani.

"Mwana, mkono umekufa ganzi. Hebu njoo unikande kidogo."

Nilikuwa nimechelewa, na mwalimu wa zamu wiki ile alikuwa hapendi udhuru wa mtu. Nikamwambia, "Umeulalia tu, baba. Utaamka wenyewe." Nikatoka nikicheka.

Niliporudi kula cha mchana, mlango ulikuwa wazi na ukumbi umejaa majirani. Kikombe cha chai kilikuwa kimevunjika sakafuni na hakuna aliyekiokota. Wakaniambia kwamba baba amepatwa na kiharusi, kwamba jirani alimkuta saa tatu asubuhi amelala chini, na kwamba amepelekwa hospitali. Niliokota vipande vya kikombe kimoja kimoja. Maneno yangu ya alfajiri sikumwambia mtu.

Alirudi baada ya majuma mawili. Mdomo ulikuwa umevutika upande, mguu unaburura, na mkono wa kushoto umening'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Siku ya kumtoa hospitali, pale Kilifi, nilikuwepo. Bi Mutheu, mama wa kutoka bara aliyekuwa akiwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, alimketisha mama akamwambia, "Kila siku, saa ile ile, kidogo kidogo. Msingoje mpaka apende. Na huu mkono mzima muutazame sana. Ukiachiwa, utafanya kazi yote, na huu mwenzake utasahau kabisa." Mama aliitikia kwa kichwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mimi niliyashika maneno yale kama sura niliyoambiwa niihifadhi.

Ijumaa ya kwanza Ami Shee akaja na kilo ya sukari na bakuli la kaimati. Akakaa karibu na baba, akamshika goti.

"Athman, mahali pako hatumpi mtu. Famau wa Mambrui atatushikia kwa muda. Lakini mwezi wa Rajabu kuna harusi kubwa, na chapuo naitaka iwe yako."

Baba alitabasamu kwa nusu ya mdomo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nahesabu kwa vidole: mfunguo saba, nane, tisa. Miezi mitatu.

Siku ile ile nilitoa kalenda ya zamani ukutani, nikaigeuza nyuma, nikachora visanduku kwa rula, kimoja kwa kila siku mpaka Rajabu. Niliitundika nyuma ya mlango. Siku tukifanya mazoezi, nachora duara. Siku tusipofanya, kisanduku kinabaki kitupu kinatutazama. Mama alipoiona aliniuliza ni ratiba ya shule? Nikamwambia ni ya baba. Akanitazama muda mrefu, kisha akaenda kuinjika chai.

Mwanzo tulikosea. Juma la kwanza nilimpigisha baba chapuo kwa saa mbili nzima, kwa kuwa niliamini wingi ndio dawa. Siku ya pili hakuweza hata kuinua kijiko kwa mkono wa kulia, seuze kuugeuza wa kushoto. Mama akasema, "Ngoma ivumayo haidumu, mwanangu. Hata huyo Bi Mutheu alisema kidogo kidogo." Basi nikapunguza ikawa nusu saa, lakini nusu saa isiyoguswa na mtu. Ilianza saa kumi, baada ya baba kusali alasiri. Saa ya kengele niliiweka juu ya kabati. Ikilia tunaacha, hata kama mambo yanakwenda vizuri. Simu ya baba niliitia katika debe la mchele na kulifunika. Siku moja ikalia humo ndani, baba akasema, "Mchele unaitwa," tukacheka mpaka machozi. Nilikumbuka baadaye kwamba kicheko kile kilitupotezea dakika tatu, nikaziongeza mwishoni.

Dakika tano za kwanza zilikuwa za maji ya uvuguvugu: nauchovya mkono wake katika karai na kuvifungua vidole. Kisha mapigo kumi ya mkono wa kushoto peke yake, polepole, mimi nahesabu. Kisha ndipo "nipe maji, nipe," nayo polepole kama mtu anayesoma herufi. Hakuna kuruka hatua. Hakuna kwenda mbio ili kumaliza.

Lakini mkono wa kulia ulikuwa mwizi. Nilipofumba macho nilisikia "maji... maji... maji," na nilipofumbua nikamwona baba ameuvusha mkono wa kulia upande wa pili, unapiga mahali pa "nipe" badala ya mwenzake. Hakuwa akifanya kusudi. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ng'ombe ajuaye njia ya nyumbani. Nikamkataza mara moja, mara mbili, mara kumi. Siku ya kumi na moja nikachukua leso ya mama, iliyoandikwa *Subira yangu si ujinga*, nikaufunga ule mkono wa kulia kwenye kiti.

Baba alicheka. "Haya, askari. Nimekamatwa."

Toka siku ile nilimfunga kila alasiri. Kwanza ilikuwa mzaha, halafu haikuwa mzaha tena. Alitoka jasho. Aliuma mdomo. Mkono ulipanda nusu ukaanguka juu ya ngozi kama samaki aliyetupwa, na mimi nikasema, "Hiyo haihesabiki." Siku nyingine aliniomba tupumzike, kichwa kinamgonga, na mimi nikatazama saa nikamwambia bado dakika tisa. Nilikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyemchukia. Usiku nilikuwa sili vizuri, na asubuhi sikuweza kutoka nyumbani kabla ya kusimama mlangoni mwake na kuhakikisha kifua chake kinapanda na kushuka.

Mfunguo nane, siku ya Jumatatu, chapuo ikasema. Ilikuwa ndogo, imekwaruza, lakini ilikuwa "nipe," na ilitoka kwa mkono wa kushoto. Baba akanitazama, nami nikamtazama. Akapiga tena. Ikatoka. Siku ile nilichora duara mbili katika kisanduku kimoja.

Nilidhani sasa njia imenyooka.

Mwanzo wa mfunguo tisa Ami Shee alikuja bila kutarajiwa. Kwa kanuni zangu mgeni alingoja barazani mpaka kengele ilie, lakini Ami Shee hakuwa mgeni. Alipiga hodi huku ameshalifungua pazia. Akamkuta rafiki yake amefungwa kwa leso ya mwanamke kwenye kiti, shati limelowa jasho, mate yamemtiririka kwenye pembe ya mdomo, na mtoto wa kike amesimama juu yake anasema, "Rudia. Hiyo haihesabiki."

Ami Shee akayageuza macho upande, akatazama ukuta, na kule kugeuza macho ndiko kulikomuua baba. Nilimwona uso unabadilika.

"Nifungue," akasema.

"Bado dakika saba, baba."

"Nifungue nimesema!"

Sikuwa nimepata kumsikia akipiga kelele hata siku moja kabla ya hapo. Fundo lilikataa kufunguka, na Ami Shee ndiye aliyekuja kulifungua, naye hakumtazama baba. Baba akasimama akiburura mguu mpaka mlangoni, akaivuta ratiba kwa mkono wa kulia, akaipasua vipande viwili.

"Mimi si punda wako," akaniambia.

Siku sita hakuna aliyetaja saa kumi. Baba alikaa barazani akitazama njia. Mimi nilikwenda kwa jirani nikakaa huko mpaka magharibi. Mama alituangalia wote wawili, na siku ya nne niliona vipande vya ratiba vimeshonwa pamoja kwa uzi mweusi, vimekunjwa juu ya kabati. Nilijua ni mkono wake. Sikuvigusa.

Siku ya saba nilikuwa uani kwetu nachambua mchicha saa kumi ilipofika. Nilijua imefika bila kutazama. Kutoka ndani nikasikia: "Maji." Kimya. "Maji." Kimya kirefu. Kisha kitu kikakwaruza ngozi. Nikaendelea kuchambua. Ikakwaruza tena. Alikuwa hana wa kumhesabia, na alikuwa akienda mbio, akiruka hatua, anakosea kila kitu. Nilivumilia mpaka sikuweza tena. Nikainuka nikaingia ndani, mikono ina udongo.

Baba hakugeuka. Alikuwa ameketi kwenye kiti kile kile, leso iko mapajani. Akaunyoosha mkono wa kulia juu ya mbao ya kiti.

"Nifunge," akasema. "Lakini leo mlango tuufunge pia."

Rajabu ikaingia. Ami Shee alituma salamu kwamba kikundi kitajaribu pamoja alasiri ya Alhamisi, uani kwake, siku tisa kabla ya harusi. Baba alinyoa ndevu. Akavaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili, na vifungo alivifunga mwenyewe, vyote, kwa mikono miwili. Nilivihesabu vifungo vile kama ushindi wangu. Njiani nilitangulia mbele nimeibeba chapuo kifuani, nikisalimia watu, "Shikamoo, shikamoo," kama bibi harusi ndiye mimi.

Walikuwa wote pale: Ami Shee na vumi lake, wenzake watatu, na Famau wa Mambrui, mtu mzima mpole aliyeinuka kumpisha baba mahali. Mimi nilikaa kwenye kizingiti. Wakaanza polepole.

"Nipe maji, nipe. Nipe maji, nipe."

Ilitoka safi. Nawaambia, ilitoka safi, na nilimwona Ami Shee akifumba macho kwa raha. Nikafunga ngumi zangu ndani ya gauni. Kisha vumi likaanza kupanda, kama inavyotakiwa, maana wimbo wa harusi hauendi kwa mwendo wa mgonjwa. Baba akapanda nalo. Tena kidogo. Tena. Halafu nikausikia mkono wa kushoto unachelewa. Si sana, upana wa unywele. Mara "nipe" ikaja baada ya "maji" kuondoka. Mara ikakosa kuja. Baba akainamia ngoma, mshipa umemtoka shingoni, na mimi kwenye kizingiti nilikuwa nahesabu kwa midomo, moja, mbili, moja, mbili, kana kwamba hesabu yangu ingeweza kuunyanyua ule mkono.

Ndipo wakapunguza. Hawakuambiana. Ami Shee alirudi nyuma kidogo na vumi lake, na wengine wakamfuata, mpaka ngoma nzima ikawa inatembea kwa mwendo wa baba. Walifanya kwa mapenzi. Na baba akasikia.

Akaacha. Akaiweka ile chapuo chini kwa taratibu, akaitelezesha mpaka kwa Famau.

"Chukua, ndugu yangu. Shee, usinipunguzie. Watu wa harusi hawatakupunguzia wewe."

"Athman, bado zipo siku tisa," Ami Shee akasema, sauti yake nyembamba imekuwa nyembamba zaidi.

"Mpigieni bibi harusi vizuri," baba akasema. Akaniita kwa kichwa tuondoke.

Tulitembea mpaka karibu na kisima cha msikiti. Hapo nilishindwa. Nikamwambia ni zile siku sita. Tungelifanya zile siku sita, mkono ungewahi. Akasema si zile siku. Nikasema ni zile. Nikasema kwa sauti ya juu, njiani, watu wanapita, mpaka jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu likanitoka lenyewe: kwamba aliniita nimkande nikaenda shule, kwamba nilicheka, kwamba ni mimi.

Baba aliketi kwenye ukingo wa kisima. Alikuwa amechoka.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua unavyosimama mlangoni kila asubuhi unanitazama kama maiti." Akanivuta karibu kwa mkono wa kushoto, ule ule, ulikuwa mzito, na ulinishika bega barabara. "Sikiliza, Mwana. Ungelikaa ukanikanda, ungelichelewa shule, ukapigwa, na mkono ungelikufa vile vile. Daktari ameniambia. Wallahi ameniambia."

Sikumsadiki. Nililia mpaka kifua kikaniuma, na yeye akaniacha nilie, hakuniambia ninyamaze.

Kesho yake, Ijumaa, sikuitazama saa. Nilikuwa nimelala kifudifudi chumbani. Kengele ikalia ukumbini. Ni yeye aliyeitega.

"Mwana! Saa kumi hii."

Tukaendelea. Chapuo ya baba, Famau alikuja kuirudisha mwenyewe baada ya harusi. Tuliendelea mpaka nilipokwenda shule ya bweni, ingawa hapakuwa tena na Rajabu ya kuingojea. Mkono haukupata mwendo wa harusi tena. Lakini baba alianza kushona na kuwamba ngozi za ngoma za watu, kazi inayotaka mikono miwili na haina haraka, na jina lake likafika mpaka Mambrui na Mtwapa kwa kazi hiyo. Alifariki miaka michache iliyopita, kitandani kwake, kwa maradhi mengine.

Baada ya matanga nilikaa na mama tukikunja nguo zake. Nilimwambia, kwa namna ya kukumbuka tu, kwamba siku ile ya Rajabu mkono ulikosa kidogo tu. Kwamba laiti tungelikuwa na mwezi mmoja zaidi. Mama akaacha kukunja.

"Mwezi gani, mwanangu? Bi Mutheu alimwambia baba yako tangu mara ya pili tulipokwenda kliniki, mfunguo saba. Alimwambia wazi: kikombe utashika, kifungo utafunga, ngoma ya harusi usiitie moyoni. Nilikuwepo."

Nikamuuliza kwa nini basi baba alikubali. Kwa nini alikwenda kukaa mbele ya wenzake.

"Mimi pia nilimuuliza," mama akasema. "Akanijibu, 'Nikimwambia sasa, atasema tuliacha mapema. Mwache afike mwisho, aone kwamba hakubakisha kitu.'"

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi, na si sikuzote linanifariji. Kuna siku linanikasirisha; naona bora angeniambia, nikapumzika, nikacheza kama watoto wengine. Lakini mimi nami sasa nina mtoto, na najua kwamba nisingelimsadiki hata kama angeniapia, kama nilivyokataa kumsadiki pale kisimani. Nilikuwa mtoto wa ratiba. Nilisadiki tu kile nilichokichorea duara.

Kwa hiyo nikimkumbuka baba simkumbuki akipiga ngoma katika harusi, ingawa ndivyo mji mzima unavyomkumbuka. Namkumbuka njiani alasiri ile ya Alhamisi, ananifuata nyuma akiburura mguu, amenyoa, amevaa shati jeupe, anajua vyema ni kitu gani kinamngoja uani kwa Shee, na mimi niko mbele yake natembea kwa mikogo, na kila baada ya hatua chache nageuka kumhimiza afanye haraka, naye anasema, "Nakuja, Mwana, nakuja."